BETRI KAVU SI KAVU: TUACHE KUUA MALI YA USHIRIKA KWA MANENO YA VIJIWENI



Jumamosi ijayo tutakutana chini ya mwembe kuamua habari ya betri za ghala. Kabla ya siku hiyo tumeona afadhali tuandike hapa ukutani, ili anayejua kusoma asome na asiyejua asomewe, asije mtu akasema hakuambiwa. Maneno haya yatawauma baadhi ya wenzetu. Yatatuuma na sisi wenyewe tunaoyaandika. Lakini jipu halipoi kwa kupapaswa.

1. MAMBO YALIVYOKUWA

Mnajua wenyewe. Ushirika wetu ulinunua betri nne za volti 12, kila moja ya ampea-saa 100, za aina ile inayoitwa na watu "betri kavu". Fedha yake ilitoka katika makato ya korosho, yaani jasho la kila aliyemo humu. Betri zile ziliendesha mizani ya ghala, taa za usiku na chaji za simu. Tuliambiwa kwamba zikitunzwa zitadumu miaka. Hazikumaliza hata msimu mmoja.

Katikati ya msimu wa mwaka jana, siku ghala limejaa magunia na watu wamepanga foleni toka alfajiri, mizani ilizima. Ikawashwa, ikazima tena. Siku mbili ushirika wetu haukupima hata kilo moja. Na ndugu zetu wa kangomba, ambao masikio yao ni marefu kuliko ya sungura, walikuwa tayari pale njia panda na makopo yao. Mama mmoja wa kitongoji cha bondeni, mjane, alikuwa na mtoto anayedaiwa michango ya shule. Hakuweza kungoja. Alimwaga korosho zake katika kopo la mlanguzi, kopo ambalo kitako chake anakijua mlanguzi peke yake. Alichopata mnakijua.

Basi yule mama aliibiwa na nani? Na mlanguzi, ndiyo. Lakini mlango alifunguliwa mlanguzi na betri iliyokufa, na betri haikufa kwa amri ya Mungu. Tuliiua sisi.

2. POROJO TATU

Tangu siku ile, vijiweni na kisimani kunazungumzwa mambo matatu, na yote matatu yataletwa mkutanoni.

La kwanza, eti betri zilikuwa feki, viongozi wamekula fedha, basi zinunuliwe nyingine na mambo yaendelee kama zamani. La pili, eti betri hazijafa, zimekauka tu, fundi azibandue mfuniko azijaze maji au tindikali, zitafufuka. La tatu, eti betri mpya zikija zitiwe ndani ya sanduku la chuma lenye mfuniko wa kubana na kufuli mbili, ili wezi wasizione, kwani "betri kavu haina gesi, haina madhara, unaweza hata kulala nayo".

Tunasema wazi: yote matatu ni makosa, na yote yamezaliwa na jina. Tumeita kitu "kikavu" tukaamini ni kikavu. Tumeona kimefungwa tukaamini hakipumui. Jina limetudanganya. Ndani ya betri kavu mna maji, mna tindikali, na mna gesi inayozaliwa na kuliwa kila siku. Asiyelijua hili ataua betri mia, na kila mara atasema ni feki.

Sisi tulishika kalamu tukiwa watu wazima wenye watoto, katika darasa la jioni, taa moja watu ishirini. Hatukusoma sayansi. Lakini darasa lile lilitufundisha kwamba maandishi yakiwekwa mahali yamewekwa yasomwe. Ubavuni mwa betri zile mlikuwa na maandishi toka siku ya kwanza. Hatukuyasoma. Baada ya hasara ndipo tukamwendea mwalimu wa sayansi wa sekondari ya kata, akaja na mita yake, akatusomea yale maandishi na kijitabu kilichokuja na betri, akatuonyesha hesabu ubaoni. Tunayoandika hapa tumeyauliza mara mbili mbili mpaka yametuingia.

3. NDANI YA BETRI MNA NINI

Betri ya risasi si kitu kigeni. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859. Mpaka leo asili yake ni ile ile: mabamba ya risasi ndani ya tindikali iliyochanganywa na maji. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila chumba karibu volti 2. Katika kila chumba mna mabamba ya upande wa chanya, ambayo risasi yake imeshikana na oksijeni ikawa ya kahawia, na mabamba ya upande wa hasi, ambayo ni risasi tupu ya kijivu yenye vitundu vitundu kama sponji.

Tunapotumia umeme, tindikali huingia katika mabamba ya pande zote mbili na kuyavika ngozi nyeupe. Tunapochaji, ile ngozi hutoka na tindikali hurudi katika maji. Hiyo ndiyo kazi halali ya chaji. Sasa sikilizeni. Betri ikikaribia kujaa, ngozi ya kutoa imekwisha, lakini jua bado linasukuma umeme. Umeme huo uende wapi? Unaanza kupasua maji. Maji ni gesi mbili zilizooana: haidrojeni na oksijeni. Oksijeni hutokea upande wa chanya, haidrojeni upande wa hasi.

Katika betri ya zamani, ile ya kufungua vizibo kama ya lori, gesi zote mbili huchemka na kutoka nje, na ndiyo maana dereva huongeza maji ya betri kila baada ya muda. Katika betri yetu hakuna vizibo vya kuongezea. Walioibuni waliifanyia mpango mwingine. Tindikali haikuachwa iteleze: ama imenyonywa na pamba ya nyuzi za kioo iliyopo kati ya mabamba, ama imegandishwa ikawa kama uji mzito. Na pamba ile haikulowanishwa mpaka itiririke. Imeachiwa nafasi ndogo ndogo, njia za hewa. Oksijeni ikizaliwa upande wa chanya hupita katika njia hizo hadi upande wa hasi, na huko risasi ya kijivu huimeza. Risasi hiyo, pamoja na tindikali, inarudisha maji. Yaani maji yaliyopasuliwa yamerudi kuwa maji, humo humo ndani.

Tena kuna hekima nyingine. Upande wa hasi umewekewa risasi nyingi zaidi, ili uchelewe kujaa. Na kila ukimeza oksijeni unarudi nyuma kidogo, haujai kabisa. Kwa kuwa haujai kabisa, hautoi haidrojeni ila chembe. Hiyo chembe haina wa kuimeza. Inakusanyika, na ikizidi inatoka kwa valvu ndogo ya mpira iliyo juu ya kila chumba. Basi betri ile haikufungwa kama mtungi uliozibwa kwa nta. Imefungwa kwa valvu, na valvu ni pua.

Akina mama wataelewa haraka kuliko sisi. Weka sufuria ya maharage jikoni na mfuniko juu, moto mdogo. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi kuwa maji, maharage yanaiva na maji hayajaisha. Sasa sukumiza kuni tatu zaidi. Mfuniko unaanza kucheza, mvuke unatoka pembeni, na ukienda kisimani ukarudi unakuta maharage yameungua. Sufuria ni ile ile na mfuniko ni ule ule, kilichobadilika ni moto. Mfano haufanani katika yote, maana ndani ya betri anayerudisha maji ni risasi, si mfuniko. Lakini sheria ni moja: mzunguko una mwendo wake, na ukiusukuma kupita mwendo huo, maji yanaondoka. Na sufuria hii hairuhusu kuongeza maji.

4. JINSI TULIVYOIUA

Hapa ndipo penye kujikosoa.

Kontrola, kile kisanduku ukutani kati ya paneli na betri, ndiye mpishi anayepunguza kuni. Betri ikikaribia kujaa, kontrola inabana umeme. Betri nyingi za kufungwa za volti 12, katika joto la nyuzi 25, huchajiwa hadi volti 14.4 hivi, kisha huteremshwa zikashikiliwa katika 13.5 hadi 13.8. Tarakimu kamili za kila betri zimeandikwa ubavuni mwake, na hizo ndizo za kufuata. Lakini paneli ya mfumo wa volti 12 katika jua kali ina nguvu ya kusukuma hadi volti 17 au 18. Haijui kama betri imeshiba. Inasukuma tu.

Sisi tulitaka simu nyingi zaidi. Kila simu ni shilingi, na shilingi ni mapato ya ushirika. Betri zikawa hazijai kufikia jioni. Akatokea kijana mmoja akasema, "Kontrola inabana moto, iruke, piga dairekti." Kamati ilikaa, na sisi tulikuwepo, na sisi tulinyoosha mkono. Tulikubali. Waya ukatolewa kwenye kontrola ukapelekwa moja kwa moja kwenye betri. Wiki za kwanza tulipongezana. Betri zilijaa saa sita mchana, simu zikapangwa mpaka dirishani. Haraka haraka haina baraka tuliisahau, ingawa tuliiandika sote daftarini tukijifunza herufi.

Siku za kazi nyingi hasara haikuonekana sana, maana umeme ulikuwa na pa kwenda. Lakini Jumapili, na siku za kungoja mnada, mizani imelala na simu hazipo, paneli zilisukuma kutwa nzima ndani ya betri zilizokwisha kushiba. Mwalimu alipopima siku moja kama hiyo, mita ilisoma volti 15.8. Tulimuuliza hiyo ni mbaya? Akatuambia tuweke sikio. Tulisikia kitu kikilia taratibu, kama mtu anayefyonya kwa mbali. Yalikuwa maji yetu yakiondoka kwa pua ya betri.

Hesabu yake ni hii, na kila mtu aichukue daftarini. Ampea-saa 1 ikiishia yote kuwa gesi iliyotoka nje ya betri ya vyumba sita, inaondoka na gramu 2 za maji. Ni tone. Lakini ampea-saa 5 kwa siku ni gramu 10. Siku 90 za msimu ni gramu 900, karibu lita nzima, kutoka katika betri moja ambayo haikupewa maji ya akiba. Pamba ya kioo inakauka, inaachana na mabamba, na betri inakuwa kama shamba lenye nyufa: mbegu imo lakini haioti.

Na joto je? Kule kumezwa kwa oksijeni kunazaa joto. Joto linaifanya betri ikubali umeme mwingi zaidi kwa volti zile zile. Umeme mwingi unazaa gesi zaidi, gesi inazaa joto zaidi. Joto linazaa joto, mpaka tumbo la betri linavimba. Betri mbili kati ya zetu zilivimba hivyo. Nendeni mkazione, zipo nyuma ya ghala, hatukuzificha. Nazo tulikuwa tumeziweka chini ya bati, upande wa magharibi, ambako mchana wa Novemba hata mbuzi hakai. Mafundi wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha ya betri karibu nusu. Na kadiri joto linavyopanda ndivyo volti za kuchajia zinavyotakiwa kushuka: kwa betri ya volti 12, kama 0.02 hadi 0.03 kwa kila nyuzi moja. Kontrola nzuri inafanya hesabu hiyo yenyewe. Waya wa dairekti hauhesabu chochote.

Basi anayesema betri zilikuwa feki, tunamwambia: ndugu, zilikuwa nzima. Feki ilikuwa akili yetu siku ile tuliyonyoosha mkono. Kama kuna wa kulaumiwa kwa uamuzi huo, aanze na aliyeandika haya.

5. KWA WANAOTAKA KUBANDUA MFUNIKO

Tunajua watasema: "Mbona fundi wa kule mnadani aliijaza betri ya redio ikaamka?" Hatubishi. Betri iliyokauka ikipewa maji safi ya betri inaweza kuamka siku chache, kama mgonjwa anayeomba uji usiku wa mwisho. Lakini tuulizane baada ya hapo.

Kwanza, valvu iliyobanduliwa kwa bisibisi hairudi kubana kama zamani. Hewa ya nje inaingia, na hewa ina oksijeni. Risasi ya upande wa hasi inaimeza oksijeni hiyo mchana na usiku, na betri inajimaliza yenyewe bila kuwasha hata taa. Pili, hakuna anayeweza kuona ndani vyumba sita vinahitaji maji kiasi gani kila kimoja. Ukizidisha, unaziba zile njia za hewa kwenye pamba, na oksijeni haipiti tena. Umeua ule mpango wote wa kurudisha maji. Tatu, anayeongeza tindikali ndiye mbaya kuliko wote. Kilichotoka kwa gesi ni maji, si tindikali. Tindikali yote imebaki ndani na imekuwa kali kupita kiasi. Mchuzi umekauka, chumvi imebaki, naye mpishi anaongeza chumvi! Tena tindikali hiyo ikikurukia jichoni hakuna mkutano mkuu utakaokurudishia jicho.

6. KWA WANAOTAKA SANDUKU LA KUBANA

Hawa nia yao ni njema, wanaogopa wezi. Na sisi tunaogopa wezi. Lakini sanduku wanalolitaka ni bomu.

Haidrojeni haina rangi na haina harufu. Hewa ikichanganyika na haidrojeni sehemu 4 katika 100, inatosha kushika moto, na cheche ndogo ya waya uliolegea inatosha kuiwasha. Sasa hesabu tena. Ampea-saa 1 ya kupasua maji katika betri ya vyumba sita inatoa haidrojeni lita 2 na nusu hivi. Chukua sanduku la kubana lenye nafasi tupu ya lita 200. Sehemu 4 katika 100 ya lita 200 ni lita 8. Lita 8 zinapatikana kwa ampea-saa 3 na kidogo tu zilizopotea kuwa gesi. Betri nne zinazochemka dairekti zitaijaza hiyo kabla mzee hajamaliza bao moja. Halafu mlinzi anafungua mfuniko usiku, ana sigara mdomoni au anachokonoa waya. Nani atakwenda kumwambia mkewe?

Wengine watajibu: "Lakini nyie mmesema ikichajiwa vizuri gesi inaliwa ndani." Kweli tumesema, na tunashikilia. Ikichajiwa vizuri, kinachotoka ni chembe. Lakini kontrola nayo ni kitu cha kuharibika, na radi haileti barua. Ndiyo maana hata betri nzuri, yenye kontrola nzuri, inatakiwa ipewe hewa. Haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa. Inapanda juu. Sanduku likiwa na matundu chini ya kuingizia hewa na matundu juu ya kutolea, yenye wavu wa kuzuia panya, gesi inaondoka yenyewe bila kulipwa mshahara. Kufuli na iwekwe kwenye mlango wa ghala na kwenye nondo za dirisha. Tusiiweke kwenye pua ya betri.

Na mkisikia harufu ya yai viza chumbani mwa betri, msianze kutafuta kuku. Hiyo si haidrojeni, ni gesi nyingine ya sumu inayotokea betri ikichajiwa vibaya hadi mwisho. Katisha umeme wa paneli kwa swichi ya nje, fungua milango, toa watu, ngoja. Usichomoe waya kwenye betri, utatoa cheche.

7. TUSIENDE UPANDE WA PILI

Kuna mwenzetu atakayesema: basi tuchaji kidogo kidogo, tukwepe gesi. Hilo nalo ni kosa. Betri isiyojazwa wiki kwa wiki, ile ngozi nyeupe ya mabamba inagandamana ikawa ngumu, na chaji haiitoi tena. Betri inataka ishibe, isivimbiwe. Ishibe kwa kipimo, kila siku jua likiwepo. Na kama haijai kwa sababu simu ni nyingi, dawa ni kupunguza simu au kuongeza paneli na kontrola ya kuzimudu. Dawa si kuruka kontrola.

Tena betri iliyokufa haiishii kuwa mzigo tu. Ni risasi, na risasi ni sumu ya ubongo wa watoto. Kule Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikaa karibu na nyumba za watu kati ya mwaka 2007 na 2014. Watoto walikutwa na risasi ndani ya damu, na wananchi ikawabidi waende mahakamani. Sasa hapa kwetu kumeonekana watu wa vyuma chakavu wakiulizia zile betri nne, na vijana wa ziwani wakitaka kuyeyusha risasi ya nyavu katika sufuria ya nyumbani. Hapana! Sufuria ile jioni inapikiwa ugali. Betri tusiyoiua mapema haifiki huko mapema.

8. TUNAYOPENDEKEZA MKUTANONI

(a) Ni marufuku mtu yeyote, awe fundi, awe mjumbe wa kamati, awe katibu, kuruka kontrola. Atakayefanya hivyo alipe betri.

(b) Kontrola ipangwe kwa betri ya kufungwa. Ina uchaguzi wa aina ya betri, na ikichaguliwa ile ya betri ya maji itapandisha volti kupita kiasi. Mwalimu amekubali kuja kuipanga kwa tarakimu za ubavuni, mbele ya wajumbe watano.

(c) Betri zihamishiwe upande wa mashariki wa ghala, kwenye kivuli, juu ya mbao, na nafasi ya vidole vitatu kati ya betri na betri. Matundu ya hewa chini na juu.

(d) Hakuna kubandua mfuniko. Hakuna maji, hakuna tindikali.

(e) Hakuna moto, sigara wala kibatari katika chumba hicho.

(f) Liwepo daftari. Alfajiri kabla ya jua, na alasiri, mlinzi aandike volti. Betri iliyoshiba na kupumzika husoma kama 12.8. Ikishuka kufikia 12.2 hivi, karibu nusu imekwisha liwa, simu zisimame. Mchana ikionekana imepanda zaidi ya tarakimu ya ubavuni, aitwe mtu haraka. Kila Ijumaa zipapaswe tumbo: moto kupita kawaida au uvimbe uandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, hilo kila mmoja wetu alilisoma darasani, basi tulitumie.

(g) Simu zihesabiwe kwa nguvu ya paneli, si kwa tamaa ya kamati. Msimu wa kupima korosho, mizani kwanza.

(h) Betri nne kuukuu ziorodheshwe, zihifadhiwe penye kivuli mbali na watoto na kisima, zikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali, kwa maandishi.

Wapo watakaosema hii ni elimu ya wazungu, haituhusu wakulima. Ndugu, mkulima anayejua kwamba korosho ikianikwa vibaya inaota ukungu, na kwamba mbegu ikifukiwa chini sana haichipui, hawezi kushindwa kuelewa kwamba betri inapumua. Tuliambiwa pia zamani kwamba kusoma hakuwezekani kwa mtu mwenye mvi. Leo mnasoma ukuta huu.

Na kwa yule mama wa bondeni hatuna la kusema ila hili: siku ya kufungua msimu ujao, mizani ya ushirika itawaka, na tunaomba awe wa kwanza kupima. Kama itazima kwa uzembe wetu, aje asimame mbele ya ukuta huu asome jina la cheo lililoandikwa hapa chini.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe. Njoo na swali lako. Njoo na daftari.

Katibu, kwa niaba ya Kamati